Jina la Kikundi Huja na Mzigo Wake: Wayahudi wa Zamani Walivyojiita



Kikundi kimoja kiliniita nikisaidie kutengeneza katiba. Sitataja ni cha wapi. Kilikuwa na wanachama kumi na wanane, mbuzi wa maziwa, na jina zuri lililotoka katika Biblia, lenye neno "nuru" ndani yake. Tulipofika kwenye kifungu cha nani anaweza kuwa mwanachama, mwenyekiti akasoma: mtu yeyote mwenye nguvu za kufanya kazi ya mikono. Nikauliza juu ya yule mama aliyekaa nje kwenye gunia, chini ya mwembe, ambaye miguu yake iliharibiwa na polio tangu utotoni. Wakaniambia, "Huyo tunamsaidia, Mama. Kila mavuno tunampelekea debe la mahindi." Ni kweli, walikuwa wanampelekea. Lakini hakuwa mwanachama, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama anataka.

Nikirudi nyumbani nikakumbuka watu wa zamani sana ambao nao walijiita kwa jina la nuru, wakaweka mfuko wa kuwasaidia yatima na wazee, na bado wakawa na watu wao wa kukaa nje. Hao walikuwa Wayahudi walioishi katika nchi ya Bwana Yesu, kabla yake na wakati wake. Wengi wetu tunawajua Mafarisayo na Masadukayo kwa sababu tunasomewa habari zao kanisani. Hawa wengine hatusomewi, lakini katiba yao ipo mpaka leo, na tunaweza kuiangalia kama vile tunavyoangalia katiba za vikundi vyetu. Nataka tuone jambo moja tu: walivyochukua maneno ya Biblia wakayafanya kuwa majina yao, na majina hayo yalivyowafanya.

Watu wa kando ya Bahari ya Chumvi

Mwaka 1947 hivi, vijana wachungaji wa Kibedui walikuwa wakilisha mbuzi karibu na Bahari ya Chumvi, mahali panapoitwa Kumrani. Ni nchi kavu kabisa. Bahari yenyewe iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari nyingine zote, na maji yake hayanyweki. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alitupa jiwe ndani ya pango akasikia mtungi unavunjika. Ndani ya mitungi kulikuwa na vitabu vya ngozi vilivyokunjwa kama mkeka, ambavyo wataalamu huviita magombo. Kutoka mwaka huo hadi 1956 yalipatikana mapango kumi na moja yenye mabaki ya vitabu zaidi ya 900. Vingi vilikuwa vipande vidogo kama majani ya chai. Vichache vilikuwa vizima: kitabu cha Isaya kilipatikana chote, urefu wake zaidi ya mita saba.

Padre Roland de Vaux, Mdominikani aliyekuwa akifundisha Yerusalemu, alichimba magofu ya karibu na mapango hayo kati ya 1951 na 1956. Aliona vyumba vya mikutano, mabwawa mengi ya maji, na sahani mamia zimepangwa pamoja. Watu walikuwa wameishi hapo mpaka majeshi ya Warumi yalipopaharibu karibu mwaka 68 baada ya Kristo.

Wataalamu wengi wanaona kwamba watu hao walikuwa Waesene, kundi ambalo Yosefu, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasema lilikuwa na watu zaidi ya 4,000 katika nchi nzima. Wengine hawakubali. Lakini jambo la kushangaza ni hili: katika vitabu vyote hivyo, jina "Waesene" halimo hata mara moja. Hilo ni jina waliloitwa na watu wa nje. Wao wenyewe walijiita kwa maneno waliyoyatoa katika Maandiko, na hawakuwa na moja tu, walikuwa na mengi.

"Pamoja" likawa jina

Neno walilolipenda kuliko yote ni la Kiebrania, "yahad". Katika Biblia neno hili kwa kawaida si jina la kitu. Ni neno dogo la kuonyesha namna, maana yake "pamoja": watu walikuja pamoja, walikaa pamoja. Mnalijua kutoka Zaburi ya 133, ile inayosifu ndugu wanaokaa pamoja. Liko pia katika Kumbukumbu la Torati 33:5, ambapo makabila ya Israeli yanakusanyika pamoja. Watu wa Kumrani wakalichukua wakalifanya jina. Mtu hakusema tena "tunakaa pamoja", alisema "mimi ni mtu wa Pamoja". Ukiwa na sikio la Kiswahili utalisikia hata hilo neno lenyewe. Shina lake ni ndugu wa lile la Kiarabu lililotupa "wahedi", yaani moja, ambalo wazee wa pwani walilitumia kuhesabia.

Neno lingine ni "edah", mkutano. Ndilo linalotumika katika kitabu cha Hesabu kwa Waisraeli wote walipokuwa jangwani na Musa. Shina lake linahusu kupatana mahali na wakati wa kukutana, na linafanana na lile lililoleta neno letu "miadi". Kwa hiyo edah ni watu waliowekeana miadi. Mkisema kikao ni Jumanne saa nane, mwenzenu akaja saa kumi, mnaweza kumkumbusha maana hiyo.

Walijiita pia "maskini". Si kwa sababu wote walikosa chakula. Katika Zaburi ya 37 wanyenyekevu na maskini ndio Mungu anaowaahidi nchi, wakati waovu wanapunguka. Katika mapango kumepatikana maelezo ya Zaburi hiyo, na mwandishi wake anasema waziwazi kwamba wale wanaoahidiwa ni kundi lake, mkutano wa maskini. Baadaye kulikuwa na Wakristo wa Kiyahudi walioitwa Waebioni, kutoka neno hilo hilo la Kiebrania la maskini.

Halafu kuna "wana wa Sadoki". Sadoki alikuwa kuhani wa Mfalme Daudi na Solomoni, na nabii Ezekieli (44:15) anasema wana wake ndio waliobaki waaminifu wakati wengine walipopotea. Jina lake linatoka kwenye shina la haki na ukweli, ndugu wa lile tunalolisikia katika "sadiki" na "sadaka". Sasa cheka kidogo: Masadukayo wa Yerusalemu, matajiri waliosimamia Hekalu, nao inaonekana jina lao linatoka kwa Sadoki huyo huyo. Makundi mawili yasiyopatana yanagombania babu mmoja. Nimeona vijijini vikundi viwili vikigombania jina moja la mtakatifu mpaka afisa akachoka, basi nikaelewa.

Maneno yanapewa kazi

Kama wangeishia kwenye majina mazuri, nisingewaandikia habari zao. Walikaa chini wakauliza: kama sisi ni Pamoja, basi nani anafanya nini? Kitabu kimoja kilichotoka pango la kwanza ni katiba yenyewe, na kiliandikwa kama miaka mia moja kabla ya Kristo. Cha pili kilionekana kwanza mbali sana, katika ghala la vitabu vikuukuu la sinagogi moja huko Cairo, mwaka 1896 na 1897, na mtaalamu Solomon Schechter akakipiga chapa mwaka 1910. Hakuna aliyejua kilitoka kwa nani hasa mpaka nakala zake za zamani zilipokutwa katika mapango ya Kumrani.

Katika katiba ya kwanza, anayetaka kuingia anaulizwa maswali na kiongozi. Akikubaliwa anafundishwa, halafu anakaa mwaka mzima chini ya uangalizi. Mwaka wa kwanza mali yake haichanganywi na ya wengine. Akipita, mwaka wa pili mali yake inakabidhiwa kwa Mwangalizi na kuandikwa katika hesabu yake mwenyewe, lakini hairuhusiwi kutumiwa na kundi. Ni baada ya mwaka wa pili kwisha ndipo inaingia katika mfuko wa wote. Mnaona hekima hapo? Akikataliwa katikati, ijulikane kilicho chake. Vikundi vyetu vingapi vimevunjika kwa sababu mtu alitoka na hakuna daftari linaloonyesha alileta nini!

Anayesema uongo makusudi juu ya mali yake anatengwa na chakula cha pamoja mwaka mmoja, na robo ya mkate wake inakatwa. (Linganisheni na habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume sura ya 5.) Anayemkatiza mwenzake akiongea, siku kumi. Anayelala usingizi mkutanoni, siku thelathini. Anayetema mate katikati ya mkutano, siku thelathini. Anayecheka ovyo kwa sauti kubwa, siku thelathini pia. Nilipowasomea haya akina mama fulani walicheka kwa sauti kubwa kabisa, wakaniuliza kama wamefukuzwa wote.

Mkutano wenyewe waliuita "Wengi". Neno hilo nalo lina nafasi yake katika Maandiko: katika Danieli sura ya 12 kuna wenye hekima ambao kazi yao ni kuwaongoza wengi katika haki. Mtu mwenye neno alisimama akawaambia Wengi kwamba ana la kusema, na wakimruhusu ndipo anasema. Mkuu hakukata shauri peke yake.

Na yule Mwangalizi? Cheo chake kwa Kiebrania kinatokana na kitendo cha kukagua na kutafuta. Ezekieli 34 anakitumia kwa mchungaji anayekagua kondoo wake waliotawanyika, na Mungu mwenyewe ndiye mchungaji huyo. Kitabu kile cha Cairo kinasema Mwangalizi awahurumie watu wake kama baba na wanawe, na awe kama mchungaji kwa kundi lake. Ndiye aliyeshika pesa. Basi neno hilo lilimfunga: aliyeitwa kwa cheo hicho hakuwa bosi wa hazina, alikuwa mtu anayehesabu kondoo ili asipotee hata mmoja. Wakristo wa kwanza walikuwa na cheo kinachofanana nacho, kwa Kigiriki "episkopos", mwangalizi, na baada ya kupita kwa Waarabu neno hilo limetufikia likiwa "askofu".

Mfuko wa siku mbili

Si wote waliotoa mali yao yote. Kitabu cha Cairo kinaonyesha kwamba wengine walikaa katika vijiji na miji, wana wake na watoto, wana mashamba na mishahara. Makazi yao waliyaita "kambi", jina la zile kambi za Israeli jangwani katika kitabu cha Hesabu. Waligawanywa kwa maelfu, mamia, hamsini na kumi, kama Yetro alivyomshauri Musa katika Kutoka 18, na palipokuwa na kumi hapakosi kuhani.

Hao wa kambini walitoa angalau mshahara wa siku mbili kila mwezi. Pesa zilikabidhiwa kwa Mwangalizi na waamuzi, si kwa mtu mmoja. Na matumizi yameandikwa: yatima, maskini na mhitaji, mzee aliyeinama, mtu asiye na makao, aliyechukuliwa mateka na taifa la kigeni, msichana asiye na ndugu wa kumsimamia, kijana asiye na wa kumtafuta. Nimesoma katiba nyingi za vikundi katika kazi hii. Nyingi zinasema "kusaidia wasiojiweza", basi, zinaishia hapo, na pesa zinapokuja kila mtu ana wake asiyejiweza. Hawa waliandika mmoja mmoja.

Kisima na mvua

Hapa mnivumilie, kwa sababu ninyi mnaochimba visima mtaelewa kuliko maprofesa. Katika Hesabu 21:16-18 Waisraeli wanakiimbia kisima kilichochimbwa na wakuu wao kwa fimbo zao. Kitabu cha Cairo kinauchukua wimbo huo na kuufungua neno kwa neno. Kisima, kinasema, ni Torati. Waliochimba ni watu wa Israeli walioitubia njia yao wakatoka nchi ya Yuda. Na ile fimbo ni mtu, yaani Mfafanuzi wa Torati, kwa kuwa katika Kiebrania neno lile lile laweza kuwa fimbo au mtoa sheria. Kwa hiyo wimbo wa zamani wa kazi ukawa historia ya kikundi chao: nani alianza, kwa kifaa gani, na maji ni nini.

Kiongozi wao mkubwa walimwita Mwalimu wa Haki. Jina lake la kuzaliwa halikuandikwa popote. Cheo hicho kinatoka kwa manabii Hosea (10:12) na Yoeli (2:23), na hapo kuna mchezo wa maneno: neno la Kiebrania la "mwalimu" ni sawa na la mvua ya kwanza, ile inayofungua msimu baada ya kiangazi. Waliposema Mwalimu, mkulima alisikia pia mvua.

Na mahali walipokaa palitokana na Maandiko. Isaya 40:3 inazungumzia sauti inayolia, jangwa, na njia ya kutengenezewa Bwana. Maandishi ya zamani hayakuwa na mkato. Je, sauti inalia jangwani, au njia itengenezwe jangwani? Injili zinaisoma kwa namna ya kwanza, na mwenye sauti ni Yohane Mbatizaji. Watu wa Kumrani waliisoma kwa namna ya pili, wakaichukua kama amri ya kuhama: njia itengenezwe jangwani, basi twende jangwani. Tena wakaeleza kwamba kutengeneza njia ni kujifunza Torati. Walijifunza kwa zamu theluthi ya kila usiku, mwaka mzima. Wakristo wa kwanza nao waliitwa watu wa "Njia" (Matendo 9:2). Neno moja, na vikundi viwili vinavyotembea kuelekea pande mbili.

Majina ya kuwapa wengine

Anayejichagulia jina humchagulia na jirani. Warumi waliitwa Wakitimu, jina la watu wa kisiwani katika Mwanzo na Danieli. Wapinzani wao wa Yerusalemu, ambao wataalamu wengi wanaona ni Mafarisayo, waliwaita "watafuta maneno laini", kutoka Isaya 30:10, pale watu wanapowaomba manabii wawaambie mambo matamu. Kuhani mkuu mmoja aliyemwudhi Mwalimu alibaki na jina la Kuhani Mwovu mpaka leo, na wataalamu bado wanabishana alikuwa nani.

Mafarisayo nao jina lao huenda lina maana ya "waliojitenga". Miongoni mwao na waliowafuata kulikuwa na watu walioitwa "marafiki", walioapa kulipa zaka sawasawa na kula chakula chao katika usafi. Na wale wasioapa? Waliitwa "am ha-aretz", watu wa nchi. Hilo neno ndilo linaloniumiza zaidi. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 11, watu wa nchi ni watu wa heshima, ndio wanaofurahi mfalme halali anapowekwa. Miaka mia kadhaa baadaye ni mtu asiyejua sheria, ambaye "rafiki" hawezi kula chakula chake bila wasiwasi. Watu wa nchi hawakubadilika. Wengine walijipa jina jipya, nalo lao likashuka. Ukilitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno unapata "mwananchi". Nalo tulilipewa kwa heshima wakati wa Uhuru, na ninyi wenyewe mnajua linavyotamkwa siku hizi mtu akisimama kwenye dirisha la ofisi akiwa na viatu vya matope.

(Naomba hapa tusifanye mchezo wa kuwadharau Wayahudi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati Nostra Aetate, ulitukataza kuwasema kama watu waliolaaniwa. Mafarisayo walikuwa watu wa bidii, na mengi ya imani ya Kiyahudi ya leo yamepita mikononi mwao.)

Waliokaa nje

Sasa narudi kwenye mwembe.

Watu wa Kumrani walikuwa wamekosana na makuhani wa Hekalu la Yerusalemu, wakaona limetiwa unajisi. Wafanye nini bila Hekalu? Wakasema: sisi wenyewe ndio nyumba takatifu. Sala zetu na mwenendo wetu ndio sadaka. Ni wazo kubwa, na sisi Wakristo tunalijua, maana Paulo anawaambia Wakorintho kitu kinachokaribiana nalo. Lakini neno "hekalu" halikuja peke yake. Lilikuja na sheria zake.

Katika Walawi 21 kuhani mwenye kilema, kipofu au mwenye mguu mbovu, haruhusiwi kukaribia madhabahu. Sheria hiyo ilikuwa ya makuhani tu, na hata hao waliendelea kula chakula kitakatifu pamoja na ndugu zao. Watu wa Kumrani wakawaza: kama kundi letu zima ni hekalu, basi sheria ya madhabahu ni ya kundi zima. Wakaandika kwamba kipofu, kiwete, kiziwi, na mwenye akili pungufu wasiingie katika mkutano. Sababu waliyoitoa ni kwamba malaika watakatifu wamo kati yao. Maandishi mengine yao yanamwongeza mzee anayeyumba, asiyeweza kusimama imara. Na yanasema kwamba mmoja wa hao akiwa na neno la kuwaambia watu watakatifu, aulizwe faraghani. Katikati ya mkutano asiingie.

Someni tena orodha ya mfuko wa siku mbili. Mzee aliyeinama yumo, anapewa riziki. Katika kitabu kingine mzee anayeyumba hana mahali pa kukaa. Hao si watu wabaya. Walikuwa wanakesha usiku wakijifunza, wanajinyima, wanatoa. Naamini walimpenda mzee wao. Lakini walikuwa wamejiita jina, na jina likawaambia nani hafai. Hata "wana wa nuru" lilikuwa hivyo. Katiba yao inamwagiza anayeingia awapende wana wote wa nuru na awachukie wana wote wa giza. Wataalamu kadhaa wanafikiri Yesu alikuwa na mafundisho ya namna hii masikioni aliposema, katika Mathayo 5:43, kwamba watu wamesikia wachukie adui, kwa kuwa katika Agano la Kale amri ya kumchukia adui haimo.

Yesu alilitumia hilo jina, tena kwa njia isiyowapendeza wenye nalo. Katika Luka 16, kwenye mfano wa yule wakili mjanja wa mali, anasema wana wa dunia hii wana akili kuliko wana wa nuru. Na sura mbili kabla ya hapo, Luka 14, akiwa mezani, anataja wa kualikwa karamuni: maskini, vilema, viwete, vipofu. Anawataja mara mbili. Linganisheni orodha hiyo na ile ya Kumrani. Waliozuiwa mlangoni kule, huku ndio wanaotafutwa barabarani waletwe ndani.

Sisi nasi tumo katika mchezo huu wa maneno, tupende tusipende. "Kanisa" limetufikia kwa Kiarabu kutoka Kiaramu, na maana yake ya kwanza ni mkusanyiko wa watu, siyo jengo. "Jumuiya" nalo ni kukusanyika. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakataka Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, walichagua neno lenye mlango mpana. Kama mlango huo uko wazi kwenu, ninyi ndio mnaojua.

Kile kikundi cha mbuzi bado hakijamaliza katiba yake. Nilipopita mara ya mwisho walikuwa wamefuta maneno "kazi ya mikono" kwa kalamu nyekundu, na hawajaandika kitu mahali pake. Yule mama anajua kusoma na kuandika vizuri kuliko mwandishi wao. Hilo nililigundua mimi, kwa kumwuliza.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Someni kwa sauti Walawi 21:16-23 na Luka 14:12-24, halafu mchukue katiba yenu mzungumze. Jina letu lilitoka wapi, na nani alilichagua? Linatudai tufanye nini ambacho hatufanyi? Kuna mtu gani kijijini anayepata msaada wetu lakini hajawahi kukaa katika mkutano wetu? Nani atakwenda kumwuliza, na lini? Mwandishi aandike jina la atakayekwenda.